Divai ya Matunda Ikae Muda Gani?

Wapo wanaoamini kwamba divai kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi utamu. Baadhi ya divai za zabibu zinazotunzwa penye ubaridi huwa hivyo. Hii tunayotengeneza majumbani hapa Bariadi, Maswa na Meatu kwa rozela, ukwaju au maembe haina nguvu ya kukaa hivyo. Iache itulie miezi mitatu hadi sita ukali upungue, kisha uinywe kabla haijatimiza mwaka.

Adui wa divai ni hewa na joto. Hewa ikiingia, vijidudu hugeuza kilevi kuwa siki. Basi jaza chupa mpaka shingoni, izibe vizuri, uiweke kwenye nyumba ya nyasi ukiwa nayo, maana joto la chini ya bati huiharibu upesi. Lakini usiizibe kabla haijaacha kutoa mapovu. Chupa hupasuka, na kipande chake chaweza kumtoa mtu jicho.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni chombo. Mkoa wetu wa Simiyu ni wa pamba, na baada ya kupulizia dawa, madebe na chupa za dawa hubaki majumbani. Usitie divai humo, hata kama umeviosha kwa sabuni na mchanga mara saba. Sumu hunywea ndani ya plastiki, na divai, kwa uchachu na kilevi chake, huweza kuitoa polepole. Hapo kukaa sana hakuongezi utamu, huongeza sumu. Mtu akitokwa na mate na jasho jingi, akatapika na kuona ukungu machoni, mkimbize zahanati, na chombo kile kipelekwe wakakione.

Ndoo ya bati nayo haifai. Uchachu hula zinki, na mnywaji hupata tumbo na kutapika. Mtungi wa udongo hupitisha hewa; tuuachie pombe ya kunywa siku ile ile. Kioo ndicho bora.

Mama mjamzito, watoto na anayetumia dawa za kifua kikuu wasionje kabisa.

Andika tarehe kwenye karatasi, uibandike kwenye kila chupa. Iliyogeuka siki, kama chombo kilikuwa safi, itafaa kwenye kachumbari. Yenye ukungu juu au harufu ya kuoza imwage.