Fundi wa stesheni ya kahawa: kazi inaanzia mu mashini, inafika mu kikombe

Wandugu wamemba wa kooperative, wakati wa mavuno kila mtu anaangalia mizani. Lakini kuko mtu mwingine anayeweza kupandisha ao kushusha bei ya kahawa yetu sisi wote: fundi wa stesheni ya kuoshea. Wengi wanamuita tu wakati mashini imeharibika. Hapa Kivu kazi yake inapita hapo.

Kwenye stesheni

Mbele ya matunda kufika, fundi anarekebisha nafasi ndani ya mashini ya kumenya. Nafasi ikibana, mbegu zinapasuka. Ikilegea, matunda yanapita na ganda lao. Kwa hiyo anapitisha kwanza kilo chache, anaangalia mbegu, kiisha anakaza ao analegeza.

Kahawa iliyomenywa inalala mu tanki mpaka utelezi ulegee. Kule juu mlimani kwenye baridi, inachukua saa nyingi kuliko pembeni ya ziwa. Fundi hategemei saa peke yake: anasugua mbegu mu mikono. Zikikwaruza sawa changarawe, wakati wa kuosha umefika.

Mu laboratwari

Kahawa iliyokauka vizuri iko na unyevu kati ya 10 na 12 kwa mia. Ikizidi, inaota ukungu mu depo. Ikikauka kupita kiasi, mbegu zinavunjika na uzito unapotea.

Kipimo cha unyevu kinatoa namba mara moja, lakini kinaweza kudanganya. Kukihakikisha, fundi anapima gramu 10 za kahawa iliyokobolewa, anaziweka mu tanuru ya laboratwari kwa digri 105 muda wa saa 16, kiisha anapima tena. Zikibaki gramu 8,9, unyevu ulikuwa 11 kwa mia. Kama kipimo kilisema 13, kinachougua ni kipimo, hapana kahawa.

Halafu kunakuja kuonja. Kahawa inayopata alama 80 na zaidi juu ya 100 inahesabiwa kuwa ya hali ya juu. Kwa kila loti wanatengeneza vikombe 5, hapana kimoja. Sababu gani? Ile ladha ya kiazi, inayojulikana huku kwetu, Rwanda na Burundi, inaweza kutoka mu mbegu moja tu. Kikombe kimoja kinaharibika, na vine vinabaki vitamu. Mara nyingi inaanzia shambani, pale mdudu antestia anapotoboa matunda. Hakuna mashini inayoweza kuiosha.

Mifuko yetu inachanganywa mu loti moja. Mfuko mmoja wenye unyevu mwingi unaweza kuharibu jasho la jirani.

Tufanye nini?

– Tulete matunda mekundu siku ileile ya kuchuma, na tutoe yale yanayoelea mu maji.
– Fundi awe na kaye: tarehe, loti, saa za mu tanki, unyevu, na kila kilichorekebishwa. Loti ikipata alama mbaya, ile kaye ndiyo itaonyesha kosa lilianzia wapi.
– Komite inunue vipuri mbele ya msimu. Mashini ikisimama mangaribi, matunda yanalala na yanaharibika.
– Tuchague vijana wawili, binti na kijana mwanaume, wafundishwe na fundi. Akigonjwa, stesheni isifungwe.
– Matokeo ya kuonja yasomwe mu mkutano wa wamemba wote. Anayelima ana haki ya kujua kahawa yake ilisema nini mu kikombe.