Chakula cha Asubuhi cha Kwenda Nacho Shambani

Ndugu msomaji, leo asubuhi kabla ya kushika jembe ulikula nini? Wengi wetu tutajibu: "Chai." Tukiulizwa chai na nini, tutanyamaza.

Msimu uliopita wa palizi nilipita katika kijiji kimoja cha Usukuma. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilimkuta mama mmoja wa darasa letu la kisomo amekaa chini ya mti, pembeni mwa shamba lake la pamba. Mtoto yuko mgongoni. Jembe limelala.

"Mwangaluka, mama. Mbona umepumzika mapema?"

"Mwangaluka, mwalimu. Macho yanaona giza. Nikiinama kichwa kinazunguka."

"Umekula nini?"

"Nani apike saa kumi na moja alfajiri, mwalimu? Nimekunywa maji nikatoka. Nitakula mchana nikirudi."

Mama huyu ananyonyesha. Jana yake alikula ugali saa mbili usiku. Mchana atakula saa nane. Haya, hesabu mwenyewe. Ni saa kumi na nane bila chakula, na ndani yake zimo saa sita au saba za kuinama na jembe. Na mtoto naye ananyonya humo humo.

Nilimshauri aende zahanati, maana kizunguzungu kina sababu nyingi. Alikwenda. Alipimwa akaonekana ana upungufu wa damu. Hayuko peke yake. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 45 walikuwa na upungufu wa damu.

Lakini swali lake lilikuwa la haki. Nani apike saa kumi na moja? Kuni ziko nje, zimelowa umande, na jua halisubiri. Jibu ni kwamba saa hiyo asipike mtu. Chakula cha asubuhi kiwe kimeshatengenezwa. Alfajiri ni kuchukua tu na kwenda.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Si kila chakula kinalala salama. Mimi mwenyewe nimefundishwa na maharage. Siku moja tulikuwa na kazi katika shamba la darasa. Usiku nilichukua maharage yaliyobaki, yakiwa bado ya moto, nikayatia katika bakuli la plastiki na kufunga kifuniko barabara. Nikajiona mjanja. Saa nne asubuhi nilipofungua, povu lilikuwa juu na harufu imechacha. Mwenzangu mmoja alisema chakula hakitupwi, akala. Mchana kutwa alikuwa anakimbilia vichakani.

Kwa nini? Vijidudu vya ugonjwa hupenda vitu viwili: majimaji na uvuguvugu. Chakula cha moto kikifungwa, mvuke hugeuka maji ndani, na joto hukaa muda mrefu. Vijidudu huzaana usiku kucha. Wali wa kiporo una hila zaidi. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi wali unapopikwa. Wali ukilala mezani zile mbegu huamka na kutoa sumu. Sumu ile hata ukiupasha moto asubuhi haiondoki. Kwa hiyo wali uliolala usiuchukue kwenda nao shambani. Maharage unayotaka kuyalaza yaache yapoe kwanza kwenye chombo kipana, yafunike, na asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote. Lakini hapo tumerudi kwenye kuni za alfajiri.

Basi tutafute chakula cha namna nyingine: kile kilicho kikavu, au kichachu, au chenye ganda lake.

Kwa ukavu, watu wa Usukuma na Unyamwezi wametutangulia. Wana matobolwa. Hivi ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Usivichanganye na michembe. Michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, na lazima uipike kabla ya kula. Tobolwa limeshaiva. Unatia mfukoni, unatafuna.

Matobolwa hutengenezwa wakati wa kiangazi, viazi vikiwa tele na mvua hakuna. Kwa hiyo chakula chako cha asubuhi cha mwezi Desemba unakitengeneza mwezi Juni au Julai. Chagua viazi vizima visivyo na fukusi. Vioshe, uvichemshe na maganda yake. Viive, lakini visipondeke. Vikipoa vimenye, kisha ukate vipande vya unene wa kidole. Anika juu ya kichanja, si chini, maana chini kuna vumbi, kuku na mbuzi. Jioni viingize ndani visipate umande. Baada ya siku tatu au nne za jua kali kunja kipande kimoja. Kikipinda, bado. Kikivunjika, tayari. Weka katika debe lenye kifuniko, na mara kwa mara kagua kama wadudu wameingia. Ukiwaona, anika tena.

Kama unavyo viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, tengeneza hivyo. Vina vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili. Ila jua kali huipunguza vitamini hiyo. Anika kivulini penye upepo, au tandaza kitambaa chepesi juu yake. Vitachelewa siku moja au mbili, wala si neno.

Viazi peke yake ni chakula cha kutia nguvu. Mwili unataka pia chakula cha kuujenga. Hapo ongeza karanga za kukaanga, kiasi cha kiganja kimoja. Gramu 100 za karanga zina protini kama gramu 25. Matobolwa na karanga ni ndugu, bibi zetu walijua hayo kabla ya mwalimu yeyote kuja na ubao.

Karanga zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe mbali, wala usimpe kuku. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, nayo huharibu ini. Kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hii iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao walifariki. Mahindi hayo yalikuwa chakula chao cha kila siku nyumbani. Kwa hiyo usione uvivu kuchambua.

Sasa twende kwenye kichachu. Ndugu zetu wa Ruvuma, Iringa na Morogoro wana togwa. Pika uji mzito jioni, kwenye moto ule ule wa ugali. Uache upoe mpaka kidole kivumilie. Tia unga wa kimea cha ulezi, kama vijiko viwili vya kulia kwa sufuria ndogo, koroga. Utashangaa: uji mzito unalegea mbele ya macho yako, kwa sababu kimea hukata kata ule wanga. Ukiwa na togwa ya jana tia kikombe kimoja, uchachu uwahi. Funika, acha ulale. Asubuhi unajaza kibuyu au chupa safi, unakwenda. Hakuna moto, hakuna moshi.

Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliuchunguza uji wa kimea katika miaka ya 1980. Faida ya kulegea ni kwamba unaweza kutia unga mwingi na uji ukanyweka. Mnywaji anashiba zaidi kwa kikombe kile kile, hata mtoto mdogo. Na uchachu wenyewe huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Lakini hauoshi chombo kichafu. Kibuyu kisugue, kisuuze kwa maji yaliyochemka. Kimea cha mtama pia kinafaa, ila kikishakauka pukusa vichipukizi na vimizi vyote, maana vina sumu. Na togwa ya siku nne ni pombe. Usiniambie baadaye kwamba mwalimu ndiye aliyeruhusu.

Cha tatu ni chenye ganda: ndizi mbivu, chungwa, embe, yai la kuchemsha. Yai lichemshe asubuhi pamoja na maji ya chai, na usilimenye mpaka shambani.

Kuhusu chai yenyewe, sikatazi. Hata mimi bila chai sisemi vizuri. Lakini chai ya rangi inywe kama saa moja kabla ya kula au saa moja baadaye. Majani ya chai huzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyo katika karanga, kunde na mboga. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Matunda machachu hufanya kinyume, yanafungua njia. Na bahati nzuri, maembe huiva wakati wa palizi.

Yule mama nilimwona tena baada ya kama mwezi mmoja. Alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa zahanati. Nilimwuliza habari za chakula cha asubuhi. Akacheka.

"Matobolwa alinipa mama mkwe, mwalimu. Debe zima. Lakini baba watoto na vijana waliyamaliza kwa wiki mbili."

Basi akina baba, na mimi nikiwamo, tusikie. Debe la shambani ni la wote wanaolima, na mama anayenyonyesha ahesabiwe wa kwanza, si wa kulamba sufuria. Mama huyo sasa kila jioni anagawa mwenyewe. Kila mtu ana mfuko wake wa kitambaa, viazi na karanga ndani, na unafungwa kabla ya kulala. Wake yeye ameufunga uzi mwekundu.

Usisahau maji ya kunywa yaliyochemshwa, na mengine kidogo ya kunawa pamoja na kipande cha sabuni, maana mkono uliotoka kwenye udongo au dawa ya pamba haufai kushika chakula. Ukifika shambani tundika mfuko wako juu ya mti, mbali na siafu. Kama kuna mbuzi karibu, tundika juu zaidi.