Dutwa: Kijiji Chenye Mali Juu na Mali Chini

Ukitoka Bariadi mjini na kushika barabara ya lami iendayo Lamadi, kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma, utapita Dutwa. Wasafiri wengi hupita tu. Huona maduka ya kando ya barabara, huona ng'ombe wakivuka, nao huendelea na safari yao. Leo tushuke pamoja, tuwaamkie wenyeji "Mwangaluka", kisha tutazame kijiji hiki na nchi iliyokizunguka, maana kina jambo la kutufundisha sisi sote tunaoishi kwa jembe.

Dutwa ni kata ya wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ni mchanga: uliundwa mwaka 2012 kwa kukata sehemu za Shinyanga na Mwanza. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma. Hesabu ya mwaka 2012 ilipata watu 1,584,157 katika mkoa mzima, na ile ya mwaka 2022 ikapata 2,140,497. Waona basi, katika miaka 10 watu wameongezeka kupita nusu milioni, lakini ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Ulishike neno hilo, tutalirudia.

Kwanza tutazame mali ya juu. Mkulima wa Kisukuma huujua udongo wake kwa jina. Penye mwinuko upo luseni, udongo wa kichanga, mwepesi kwa jembe. Chini bondeni ipo mbuga, udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huku hupandwa mahindi, mtama na viazi vitamu, na penye maji ya kutosha watu hujenga majaruba ya mpunga. Viazi haviachwi vioze. Vingine hukatwa vibichi na kuanikwa juani, navyo huitwa michembe. Vingine hupikwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, navyo ni matobolwa. Mama mwenye akiba hiyo ndani hana hofu sana mvua ikichelewa.

Lakini fedha hutoka katika pamba. Mbegu hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, na kuanzia Mei shamba huwa jeupe. Ndipo zinapopatikana karo, mabati na nguo za watoto. Wazee wa nchi hii hawakuanza jana kujua faida ya kuungana. Katika miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa kwenye mizani, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda vyama vyao vya ushirika wakiongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria. Mtu mmoja mbele ya mizani ni mnyonge, bali wengi pamoja husikilizwa.

Ng'ombe nao ni nguvu ya nyumba: huvuta plau, hulipa mahari, humtoa mtu katika shida. Ili wasife njaa kiangazi, Wasukuma tangu zamani hutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa majani yanapokauka kwingine. Hapo hupatikana pia kuni, dawa za miti na majani ya kuezekea.

Sasa tutazame mali ya chini. Karibu na Dutwa kipo kilima cha Wamangola, na si mbali, upande wa Busega, vipo vilima vya Ngasamo. Mwaka 2008 kampuni ya African Eagle kutoka Uingereza ilikuta humo madini ya nikeli, pamoja na kobalti. Chanzo chake ni hiki: mwamba wa aina fulani, ukinyeshewa mvua na kupigwa jua kwa mamilioni ya miaka, huoza ukawa udongo mwekundu. Maji huchukua vitu vingi kwenda navyo, lakini nikeli hubaki nyuma na kujikusanya. Nikeli hutiwa katika chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na vyombo vya hospitali, na siku hizi hutakiwa pia kwa betri za magari yaendayo kwa umeme.

Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Lakini bei ya nikeli ikashuka katika soko la dunia, kampuni ikakosa fedha za kuendelea, na miaka zaidi ya 10 ikapita bila mgodi kufunguliwa. Kijiji kinachongoja mgodi kina hatari zake. Wako wanaouza shamba upesi kwa mgeni, na wako wanaoacha kulitunza wakisema litachukuliwa kesho.

Tutazame mbali kidogo, nchi ya Indonesia, ambayo hutoa nikeli nyingi kuliko nchi yoyote duniani, nayo ni ya udongo mwekundu kama huu wa Dutwa. Katika kisiwa cha Sulawesi, kando ya ziwa Matano, kipo kijiji kiitwacho Sorowako. Watu wake walikuwa wakulima wa mpunga. Katika miaka ya 1970 mgodi ukajengwa kwao. Barabara ikaja, umeme ukaja, kazi za mshahara zikaja. Lakini majaruba yao mazuri yakageuka kuwa mji na kiwanda, ugomvi wa fidia ukadumu miaka mingi, na kazi za juu zikashikwa na wageni waliosoma. Mgodi haukuwa mbaya kwa kila jambo, lakini mwanakijiji aliyeingia bila karatasi na bila elimu alibaki nyuma katika nchi yake mwenyewe.

Basi, yafaa tujue nini? Kwanza, madini yaliyo chini si ya mwenye shamba. Kwa sheria ya Tanzania ni mali ya Taifa. Lakini shamba la juu lina mwenyewe, na hafai kuondolewa bure. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka alipwe fidia kamili, ya haki, tena upesi. Pili, sheria hiyo yaupa uzito mkutano mkuu wa kijiji: Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kukubali. Asiyehudhuria asilalamike kesho. Tatu, mtu aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Nne, mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, kwa hiyo jina la mke nalo liandikwe katika hati. Mjane mwenye jina lake katika hati hatafukuzwa kirahisi.

Wewe usomaye haya huenda huna kilima chenye nikeli. Lakini kesho yaweza kuja barabara, bwawa au mwekezaji wa mashamba. Kumbuka hesabu ile ya watu: ardhi ni ile ile, walaji wanaongezeka. Kwa hiyo panda pamba yako kwa wakati wake, tunza ngitili, mpeleke mtoto shule, wa kike na wa kiume, na mipaka ya shamba lako ijulikane kwa majirani na iandikwe. Mgodi ukija, utukute tumesimama imara. Usipokuja, hatutakuwa tumepoteza kitu.