Madema ya Pumwani, mbali na bahari

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akacheka nikimwambia kwamba mimi kutega dema nilijifunza Pumwani, mtaa mkongwe wa Waislamu huko Eastlands, Nairobi, ambako samaki humjua akiwa amekwisha kukaangwa. Nyanya yangu, mzaliwa wa Kisauni, aliponisikia nikihesabu na mwenzangu kambakoche tuliowapata jana, aliuliza, "Bahari gani hiyo, mjukuu wangu?"

Bahari ilikuwa ndani ya kompyuta. Mchezo wenyewe waitwa RuneScape, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2001 na ndugu wawili, Andrew na Paul Gower. Maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali huingia kwa wakati mmoja katika nchi moja ya kubuni, kila mmoja na mtu wake, wakachimba madini, wakavua, wakauziana, wakapigana. Kwetu ulikuwa na fadhila kubwa: sehemu yake moja ilikuwa ya bure, nao ulifunguka kama ukurasa wowote wa intaneti. World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, ulidai malipo kila mwezi. Huo tuliusikia tu.

Tulichezea saiba, yaani duka la intaneti, kwa shilingi 1 kila dakika. Mwaka 2007 mawasiliano yalipitia setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ardhi, basi ukibonyeza ule chakula upone, adui amekwisha kukuua, na vitu vyako vingi vimeanguka chini. Tena mchezo haukungoji. Dakika zako zikiisha vitani, kioo hufungwa, na mtu wako hubaki pale kwa muda akipigwa. Ndiyo maana kabla ya adhana ya Magharibi tulihakikisha yuko benki.

Nasema mtu "wetu" kwa kuwa mwenzangu nami tulikuwa na mmoja tu, na neno la siri moja. Shilingi tulichanga; mmoja alishika kipanya, mwingine akamwongoza. Nauli ya mashua kwenda kisiwa cha Karamja ilikuwa sarafu 30. Mkoba huchukua vitu 28, nafasi moja ya dema, nyingine ya nauli ya kurudi. Hivyo safari moja ilikuwa kambakoche 26.

Januari 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jamaa za mwenzangu walihama usiku. Simu hatukuwa nayo. Baada ya wiki kadhaa nilifungua mchezo, nikakuta benki imeongezeka kambakoche 26.

Wavulana wa saiba walisema neno letu la siri limeibwa. Lakini mwizi gani huyo awekaye? Nami nikavua 26, nikaacha. Tukaendelea hivyo zaidi ya mwaka, maana mtu mmoja haingiwi na wachezaji wawili kwa pamoja, wala hakuna pa kuandikiana.

Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi, ukitokea nchi kavu hapo hapo Mombasa, na intaneti ikaanza kushika kasi. Ramadhani ya mwaka huo, baada ya Alasiri, nilijaribu kuingia nikakataliwa: mtu wetu alikuwa tayari ndani. Nilikuwa nimelipia dakika 20. Nilikaa mbele ya kioo dakika zote, sikubonyeza kitu.