Safari ya Misri katika Bamba la Shaba

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 2, safari ya kukimbilia Misri yasimuliwa kwa maneno machache: Yusufu aliondoka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakaenda. Hatuambiwi njia ilikuwaje. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17 waliijaza nafasi hiyo, na hodari kuliko wengi alikuwa Rembrandt wa Uholanzi (1606–1669).

Picha zake za kuchapwa zilifanywa hivi. Bamba la shaba hupakwa nta, kisha nta huchorwa kwa sindano mpaka shaba ionekane. Bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula pale tu palipochorwa. Nta ikiisha kuondolewa, vijifereji hujazwa wino. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu, na vyote hupitishwa katika mtambo wa kukandamiza. Mchoraji wa namna hii hana rangi; anao mstari tu, na weupe wa karatasi.

Basi usiku utauchoraje? Mwaka 1651 Rembrandt alipishanisha mistari juu ya mistari hata giza likaenea, ila pale Yusufu anapomwongoza punda kwa fanusi. Baada ya kuchapa nakala za kwanza, aliongeza mistari katika bamba lile lile, na giza likazidi kuwafunika. Sisi watazamaji twawatafuta wasafiri kama ambavyo askari wa Herode wangewatafuta, na fanusi inayowaonyesha njia ndiyo inayoweza kuwafichua.

Lakini mimi naipenda zaidi picha nyingine, ya mwaka 1653 hivi. Bamba lake lilikuwa limechorwa na Hercules Seghers, ambaye alikwisha kufa, nalo lilionyesha safari nyingine: Tobia akitembea na malaika Rafaeli. (Kisa chake kimo katika Kitabu cha Tobiti, katika Biblia ya Wakatoliki.) Wawili hao walikuwa wakubwa, wameujaza upande wa kulia. Rembrandt aliwakwangua, akachora miti, na chini yake Yusufu, Mariamu na mtoto, wadogo sana. Bonde pana lililo kushoto akaliacha karibu lote kama lilivyokuwa. Kwa kupunguza kimo cha watu tu, njia imekuwa ndefu. Tobia alikuwa na malaika ubavuni. Hawa wana punda.

Hata hivyo shaba haifutiki upesi. Ukitazama sana katikati ya majani ya miti, utaona mistari mirefu iliyopinda, isiyofanana na majani: ni bawa la malaika wa Seghers, ambalo halikukwanguliwa lote.