Fahamu: Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri

Kila halmashauri nchini Tanzania hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018. Kabla ya hapo lilitegemea zaidi utashi wa madiwani na mkurugenzi.

"Mapato ya ndani" maana yake ni ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma na kadhalika, si ruzuku ya Serikali Kuu. Kwa hiyo mama lishe wa Ilala na mwenzake wa wilaya ya pembezoni wana haki ileile, ila mifuko hailingani hata kidogo.

Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Mikopo ilirejea mwaka 2024, na baadhi ya halmashauri zikaelekezwa kupitishia fedha benki.

Kinachozungumzwa kidogo ni eneo la biashara. Machinga walioondolewa kando ya barabara mwishoni mwa 2021 walipelekwa kwenye maeneo mapya, mengine yasiyo na wateja. Mkopo hauna riba, sawa, lakini marejesho hayasubiri wateja wazoee njia. Diwani anayepiga kura kupanga upya mji anaamua pia nani ataweza kulipa.