Picha ya Jino Haionyeshi Yote

Miongoni mwa maswali yanayotufikia baada ya swala ya Ijumaa, hapa Tarime na kwa ndugu zetu wa Mugumu, ni lile la jino lililopigwa eksirei, likatibiwa mzizi, kisha likaendelea kuuma. Aghalabu muulizaji amekwishakata shauri: daktari amemdhulumu, au mashine ni mbovu, na lililobaki ni kung'oa. Kabla ya kumtuhumu mtu, na kabla ya kupoteza jino la ukubwani ambalo halioti tena, ni vyema familia zifahamu picha ile inaonyesha nini na inaficha nini.

Ndani ya kila mzizi wa jino mna mfereji mwembamba wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukiufikia, daktari huusafisha hadi karibu na ncha ya mzizi, kisha huuziba. Kazi hiyo hufanyika mahali ambapo jicho halifiki, na eksirei ndiyo msaada wake mkubwa. Lakini eksirei ni kivuli. Watu wawili wakisimama mmoja nyuma ya mwenzake mbele ya taa, ukutani utahesabu mtu mmoja. Ndivyo ilivyo mifereji miwili, mmoja upande wa shavu na mwingine upande wa ulimi: katika picha huwa mmoja.

Gego la kwanza la juu ndilo linalosumbua zaidi. Lina mizizi mitatu, na mtu angetarajia mifereji mitatu. Kumbe mara nyingi mzizi wa mbele, upande wa shavu, una miwili. Hata meno madogo ya mbele ya chini, ambayo hakuna anayeyashuku, baadhi yake yana miwili. Mfereji uliosahauliwa hubaki na vijidudu, na maumivu huweza kurudi hata baada ya miezi. Aidha, tundu la mwisho la mfereji mara nyingi haliko kwenye ncha kabisa ya mzizi bali pembeni yake kidogo, na ugonjwa ulio ndani ya mfupa waweza usionekane mpaka mfupa uwe umeliwa vya kutosha. Picha kuwa safi, basi, si hoja ya kwamba jino ni zima.

Wataalamu walilijua hili mapema. Röntgen aligundua mionzi hiyo mwaka 1895, na mapema mwaka 1896 Mjerumani Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno kwa kukaa tuli dakika 25. Miongo michache baadaye Walter Hess wa Uswisi alijaza mpira ndani ya maelfu ya meno yaliyong'olewa, akayayeyusha meno yenyewe, na umbo la mifereji likabaki mkononi mwake: matawi na vijia ambavyo picha haikuwahi kuonyesha.

Ndiyo maana daktari makini hupiga picha ya pili akiuelekeza mtambo pembeni kidogo, ili vivuli vitengane. Wapo wanaonung'unika kwamba wanalipishwa mara mbili. Kwa maoni yetu, fedha hiyo ni ndogo kuliko thamani ya gego. Kipo pia kifaa cha umeme cha kupima urefu wa mfereji, ambacho hakitumii mionzi. Skani ya pande tatu huonyesha zaidi, ila gharama na mionzi yake ni kubwa kuliko ya picha ya kawaida. Huhitajika kwa jino gumu, si kwa kila jino.

Tabibu wa Kiislamu Al-Zahrawi wa Andalusia, zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliwaonya matabibu wasiharakie kung'oa, kwani maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima badala ya bovu. Eksirei hakuwa nayo.

Mama mjamzito amweleze daktari hali yake kabla ya kupigwa picha. Na anayepewa rufaa kwenda Musoma au Mwanza aombe picha zake za awali aende nazo, pamoja na maandishi ya mifereji mingapi imekwishazibwa.